Kahawa ya mtu mmoja nyumbani: kapsuli, moka au AeroPress?

Nyumba nyingi huku kwetu ni nyumba za chai. Kahawa tunailima, tunaiuza nje, tunaisifia mbele ya wageni, halafu asubuhi tunachemsha majani. Ndiyo maana mnywaji kahawa mara nyingi yuko peke yake ndani ya nyumba: chupa ya chai ipo mezani kwa wote, yeye anajitafutia chake jikoni. Huyo ndiye ninayemwandikia. Hana haja na mtambo wa mgahawa wala jagi la watu kumi. Anataka kikombe kimoja kizuri kabla hajatoka kwenda kugombea daladala.

Vyombo vya kumtengenezea kikombe hicho viko vya namna mbili. Kuna mashine za umeme za kapsuli, yaani kikopo kidogo kilichofungwa chenye kahawa ya kikombe kimoja: unatumbukiza kapsuli, unabonyeza, unakunywa. Na kuna vyombo vya mkono, kama moka (birika la Kiitalia linalokaa juu ya jiko) na AeroPress (bomba la plastiki la kusukumia kahawa kwa mkono), ambavyo vinahitaji maji ya moto, kahawa ya kusaga na dakika chache za kusimama. Swali la kwanza la wengi huwa ni ipi inatoa kahawa tamu. Mimi ningeanza kwingine: mwezi ujao kahawa yenyewe utaipata duka gani? Mashine inanunuliwa mara moja, kahawa inanunuliwa kila mwezi, na zipo mashine zinazokuchagulia pa kununua.

Kapsuli: raha yake na kamba yake

Jina linalotajwa zaidi ni Nespresso, mali ya Nestlé ya Uswisi, iliyo sokoni tangu 1986. Mashine zake ni za aina mbili, na kapsuli ya moja haiingii kwenye nyingine. Ile ya zamani, Original, ina pampu inayosukuma maji ya moto kwa nguvu ya hadi bar 19 kupita kwenye kapsuli ndogo ya alumini yenye gramu 5 au 6 za kahawa. Kinachotoka ni mililita 40, au 110 ukibonyeza kitufe cha pili. Aliyezoea vikombe vya chai ataona ni kidogo. Aliyekulia pwani hatashangaa, maana ujazo wa kijikombe cha kahawa chungu cha barazani hauko mbali na hapo. Ni kahawa nzito yenye povu la rangi ya dhahabu juu, na kwa kweli ni nzuri. Sitajifanya simjui anayeipenda.

Aina ya pili, Vertuo, ilitoka mwaka 2014. Hii inazungusha kapsuli hadi mara 7,000 kwa dakika, maji yanaingia katikati na kurushwa pembeni kupitia kahawa. Ukingoni mwa kapsuli kuna mistari ya msimbo ambayo mashine inaisoma ili ijue iweke maji kiasi gani. Inatoa vikombe vya kuanzia mililita 40 hadi 230 na zaidi, kwa hiyo mpenda kikombe kikubwa anaiona ndiyo yake. Shida iko kwenye huo msimbo. Kapsuli za Original zinatengenezwa na wachoma kahawa wengi na hata na supamaketi, kwa sababu hataza za msingi, yaani haki za uvumbuzi, zilimalizika muda wake karibu mwaka 2012 na mlango ukawa wazi. Vertuo haiko wazi hivyo: wanaotengeneza kapsuli zake nje ya kampuni ni wachache. Ukiishi London au Dubai hilo halikusumbui. Ukiishi Morogoro, Nakuru au Bujumbura, kabla hujalipa pita madukani uhesabu ni rafu ngapi zina kapsuli hizo. Ukipata duka moja, jua bei ya kahawa yako iko mkononi mwa mtu mmoja. Usipopata hata moja, umenunua pambo la jikoni.

Keurig ni ya Marekani. Iliingia maofisini mwaka 1998 na majumbani mwaka 2004. Kapsuli yake, K-Cup, ni kikopo cha plastiki chenye karatasi ya kuchujia ndani na gramu 9 hadi 12 za kahawa. Haina nguvu ya pampu kama ya Nespresso. Maji yanapita tu na kuchujika. Vitufe vyake vinaanzia mililita 180 hivi na kupanda hadi 300 na zaidi, kwa kuwa huko watu wanatembea na kikombe kikubwa mkononi. Sasa piga hesabu. Kipimo kinachofuatwa na wengi kwa kahawa ya kuchuja ni gramu 60 hivi kwa lita moja ya maji. Kwa kipimo hicho, gramu 10 zinatosha mililita 170 tu. Ukibonyeza 300 unapata maji yaliyopakwa rangi. Mwenye Keurig abonyeze kitufe kidogo kuliko vyote na avisahau vingine.

Zipo na nyingine. Dolce Gusto ni ya Nestlé hiyohiyo tangu 2006, lakini kapsuli zake hazikubali kwenye Nespresso, na kahawa zake nyingi za maziwa zinatumia kapsuli mbili, moja ikiwa ya maziwa ya unga. Senseo, ya Philips na Douwe Egberts, ilianza Uholanzi mwaka 2001 na inatumia vifuko laini vya karatasi vyenye gramu 7 hivi. Ndugu zetu wa Uholanzi na Ubelgiji wanaijua vizuri. Huku kwetu vifuko vyake havionekani kirahisi, kwa hiyo siendelei nayo.

Bei ya kapsuli inaonekana ndogo kwa sababu inatajwa mojamoja. Ulaya, kapsuli ya Original ni nusu yuro hivi. Ukiweka gramu 5 kwa kila moja, robo kilo ya kahawa ni kapsuli 50, yaani yuro 25, na kilo nzima ni yuro 100, kabla ya nauli, ushuru na faida ya mwenye duka hapa. Fanya hesabu hiyohiyo kwa fedha yako: chukua bei ya boksi la kapsuli 10, zidisha mara tano, kisha linganisha na pakiti ya robo kilo ya kahawa ya Kilimanjaro, Mbinga, Nyeri au Kayanza. John Sylvan, mmoja wa walioanzisha Keurig, aliliambia jarida la The Atlantic mwaka 2015 kwamba yeye mwenyewe hana mashine hiyo nyumbani, na sababu mojawapo aliyotoa ni kwamba kuitumia ni ghali.

Haki yake nayo tuiseme. Kapsuli inahifadhi kahawa vizuri kuliko mfuko uliofunguliwa, na kwa unyevunyevu wa Dar, Tanga au Mombasa hilo si dogo: pakiti ya kusaga ikishafunguliwa, baada ya wiki chache harufu imekwenda. Anayekunywa vikombe viwili kwa wiki anaweza kutupa kahawa nyingi kuliko anayokunywa, na kwake kapsuli ina maana. Ina maana pia kwa mzee ambaye mkono unatetemeka na hutaki ashike birika la maji ya moto. Na ina maana kwa mtu anayetaka kikombe cha leo kifanane na cha jana bila kufikiri.

Kapsuli tupu za chuma unazojaza mwenyewe zipo, za Original na za K-Cup. Zinafanya kazi, lakini kahawa ikiwa imesagwa nene kidogo au ikijazwa legelege, maji yanakimbia na kikombe kinakuwa chepesi. Tena kila asubuhi unajaza, unashindilia, unafunga, unaosha. Kazi yote uliyokuwa unaikimbia imerudi, na mashine ya umeme juu yake.

Kuhusu taka, mwaka 2016 jiji la Hamburg nchini Ujerumani lilikataza ofisi zake kununua kahawa ya kapsuli kwa fedha za umma. Nespresso ina mpango wa kukusanya kapsuli za alumini katika nchi kadhaa. Pasipo na mpango huo, kapsuli yako na mashapo yake vinaishia dampo.

Umeme, plagi na zawadi kutoka kwa ndugu

Mashine nyingi za kapsuli huku hazinunuliwi, zinaletwa. Mjomba anatoka Texas, shangazi anatoka Muscat, na begi lina boksi. Hapo ndipo pa kuangalia kibandiko cha chini ya mashine kabla ya kuchomeka.

Iliyotoka Oman au Falme za Kiarabu inafaa moja kwa moja: umeme wao ni wa volti 230 au 240, hetsi 50, na plagi ni ileile ya miguu mitatu bapa kama yetu ya Tanzania na Kenya. Iliyotoka Ujerumani au Ufaransa inafaa kwa umeme, unahitaji adapta ya plagi tu. Iliyotoka Marekani au Kanada imeandikwa volti 120, hetsi 60. Adapta ya plagi haibadilishi volti. Ukiichomeka hivyo, kikombe cha kwanza ndicho cha mwisho. Unahitaji transfoma, na kwa kuwa Keurig inavuta wati 1,500 hivi inapopasha maji, transfoma hiyo iwe ya wati 2,000 au zaidi, kitu kizito cha kilo kadhaa kinachokaa kaunta nzima. Kwa bei yake unaweza kununua moka na AeroPress, na chenji ikabaki ya kahawa. Mwambie mjomba mapema alete kahawa ya kunywa au viatu.

Gharama ya umeme wenyewe isikutishe. Kupasha mililita 250 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 95 kunakula takriban uniti 0.02. Hata ukihesabu joto linalopotea, uniti moja ya LUKU inatoa vikombe 40 hivi. Tatizo letu ni umeme kuwepo na kutulia. Mashine hizi zina bodi ya elektroniki ndani, na umeme unaopanda na kushuka unaiua. Kama umeweka kifaa cha kulinda friji, mashine ya kahawa nayo inastahili chake. Na umeme ukikatika saa kumi na mbili asubuhi, mwenye kapsuli ananyanyua simu kuuliza majirani. Mwenye moka anawasha gesi.

Pakiti ya dukani imesagwaje?

Hapa ndipo vyombo vya mkono vinapotofautiana, na ndipo washauri wengi wa nje wanapotuacha. Wanadhani una kinu cha kisasa jikoni na buni iliyokaangwa wiki iliyopita. Wengi wetu tuna pakiti iliyokwisha kusagwa, na chombo kinapaswa kuifuata pakiti.

Fungua pakiti yako, chukua kidogo, usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa laini kama unga, inayoganda kwenye mistari ya kidole, hiyo imesagwa kwa kuchemsha kwenye dele, chombo chetu cha kupikia kahawa chungu. Nyingi zinazosagwa sokoni kwa ajili ya kahawa chungu ziko hivi, na mara nyingi imekaangwa hadi karibu na weusi, wakati mwingine na tangawizi imeshaingia. Ukiisikia kama chumvi laini ya mezani, hiyo ndiyo ya kati, inayopatikana supamaketi kwenye pakiti zenye majina ya milima. Chembe ukizihesabu kwa macho, kama chumvi ya mawe, hiyo ni nene, na kwenye rafu zetu ni adimu.

Birika la kioo lenye kichujio cha kusukuma, wanaloliita French press, linataka ile nene. Ukiliwekea ya unga, inapita kwenye wavu na kikombe cha mwisho ni tope. Koni ya karatasi kama V60 ya Wajapani wa Hario inataka ya kati. Ukiiwekea ya unga inaziba, maji yanasimama juu kama mtaro wa Kariakoo siku ya mvua, na kahawa inatoka kali na chungu. Moka inataka kati ya unga na chumvi ya mezani. AeroPress ndiyo isiyochagua: ya kati inaikubali, ya unga inaikubali pia mradi uikalishe muda mfupi zaidi, kwa sababu karatasi inazuia vumbi na mkono wako ndio unaosukuma maji. Kwa mtu anayenunua kinachopatikana wiki hii, sifa hiyo moja inazidi nyingine zote.

Ukiwa na fedha ya ziada, itie kwenye kinu kidogo cha mkono cha kusagia kahawa kabla hujafikiria chombo cha pili. Usitumie kile kikombe cha brenda unachosagia bizari. Kahawa itanukia pilau, na pilau itanukia kahawa.

Moka

Moka ilitoka Italia mwaka 1933, katika karakana ya Alfonso Bialetti, na umbo lake la pande nane bado ndilo linalouzwa leo. Ina vipande vitatu: tangi la maji chini, kikapu cha kahawa katikati, birika juu. Maji yakipata moto, mvuke unayasukuma yapande kupitia kahawa. Presha yake ni bar 1 na ushee, mbali kabisa na ya mashine ya espreso, kwa hiyo usingojee povu nene. Ngoja kahawa nzito yenye nguvu, isiyopotea ukiiongezea maziwa. Robusta ya Kagera, ambayo ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwenye moka inatoa kitu cha kumwamsha dereva wa lori.

Namna ya kuipika: maji yasifike kwenye vali, ile pua ndogo ya shaba ubavuni. Jaza kikapu kahawa hadi ukingoni, sawazisha kwa kidole, usishindilie. Futa ukingo, kaza kwa nguvu, weka juu ya moto mdogo, kifuniko wazi. Baada ya dakika chache kahawa inaanza kutoka taratibu, nyeusi kama lami, kisha inageuka hudhurungi. Ikianza kuwa ya rangi ya asali na kukoroma, ipua papo hapo. Wanaolalamika kwamba moka inatoa kahawa chungu isiyonyweka, wengi wao waliiacha ikorome hadi ikauka. Wapenda iliki wachanganye punje iliyotwangwa na kahawa ndani ya kikapu, wasiiweke kwenye tangi la maji. Vali ikizibwa na takataka, presha haina pa kutokea.

Ukubwa wake unatajwa kwa vikombe vya Kiitalia, ambavyo ni vidogo. Ya kikombe 1 inatoa mililita 50 au 60 hivi. Ya vikombe 3 inatoa kama 130. Na moka haitaki kujazwa nusu, kwa hiyo usinunue ya 6 ukisema utapika kidogo. Mnywaji wa kahawa kavu achukue ya 1. Mnywaji wa kahawa ya maziwa achukue ya 3. Ile ya kikombe 1 ina kitako chembamba kinachopenya kati ya meno ya jiko la gesi, hivyo tafuta kijiwavu cha chuma cha kuweka juu ya meno. Kwenye jiko la mkaa inapika vizuri tu, makaa yakiwa yamefifia na mpini ukikaa nje ya moto. Kwenye majiko yale ya kioo yanayopasha kwa sumaku, moka ya alumini haipati moto kabisa. Hapo itafutwe ya stili.

Soko limejaa moka zisizo na jina. Si zote mbaya, ila tazama vali imekazwa sawasawa na uzi wa kukazia haujapinda. Nunua na mpira wa akiba siku hiyohiyo, wa ukubwa huohuo, maana mpira ndio unaochoka kwanza, na mpira wa ukubwa mwingine haukai.

AeroPress

Hii ni bomba la plastiki na pistoni yake, kama sindano kubwa ya hospitali. Aliibuni Alan Adler, Mmarekani aliyejulikana kwanza kwa kutengeneza kisahani cha kurusha kiitwacho Aerobie, na ikaingia sokoni mwaka 2005. Kuna hata mashindano yake ya dunia, yaliyoanzia Oslo mwaka 2008, ambako watu wazima wanashindana kusukuma kahawa. Marekani bei yake ni dola 40 hivi. Kwa plastiki, wengi wanaona ni nyingi, na siwalaumu. Lakini haina bodi ya kuungua, haina kioo cha kuvunjika, na inaingia kwenye begi la safari.

Weka kichujio cha karatasi kwenye kifuniko, kilowanishe, funga, simamisha bomba juu ya kikombe imara. Si glasi nyembamba, maana utasukuma kwa uzito wa mkono. Tia gramu 15, ambazo ni kama vijiko viwili vya chakula vilivyojaa, mimina maji, koroga sekunde kumi, ngoja kidogo, kisha sukuma taratibu kwa nusu dakika hadi usikie upepo. Kwa kahawa ya unga, usingoje; koroga na kusukuma. Ukitaka nzito, weka maji kidogo halafu ongeza maziwa au maji ya moto kikombeni.

Mwenye kuibuni alipendekeza maji ya nyuzi 80 hivi. Kwa kahawa yetu iliyokaangwa sana anasema kweli: maji yanayotokota yanatoa uchungu wote. Kwa kahawa iliyokaangwa kidogo, ile ya rangi ya mdalasini inayouzwa na wachomaji wa Arusha na Nairobi, panda hadi 90 na zaidi. Aliye Dar au Mombasa aache birika litulie dakika mbili tatu baada ya kuchemka. Aliye Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yake yanachemka kwenye nyuzi 94, kwa hiyo kwa kahawa iliyokaangwa kidogo anamimina moja kwa moja.

Karatasi zake hazipatikani kila duka, na hiyo ndiyo kamba yake. Ila ni nyepesi, pakiti moja ina karatasi mia moja au zaidi, na karatasi moja ukiisuuza inarudi kazini mara kadhaa. Kichujio cha chuma kinamaliza shida hiyo kabisa, kahawa ikitoka nzito kidogo na vumbi chini. Pistoni usiihifadhi ikiwa imesukumwa nusu ndani ya bomba. Mpira unabanwa na baadaye unavuja.

Vingine kwa kifupi

French press ndogo ya mililita 350 ni nzuri ukiwa na kahawa nene: dakika nne, sukuma, kunywa. Kuiosha ni karaha, na mashapo yake yanaziba sinki. V60 ya plastiki ni rahisi kwa bei na inatoa kahawa safi kuliko zote, lakini inataka usimame na birika la mdomo mwembamba kwa dakika tatu ukimimina kwa mzunguko. Ni ya Jumamosi. Mashine ndogo ya espreso yenye mpini inatumia kahawa yoyote ya dukani kwa nadharia. Kwa vitendo, bila kinu kizuri itakupa kikombe kimoja cha maana katika vitano.

Na dele lisidharauliwe. Kijisufuria kidogo chenye mpini, maji ya vijikombe viwili, kijiko cha kahawa ya unga, punje ya iliki, kichemke, kitulie, kimiminwe taratibu. Kama kahawa unayoipenda ni kahawa chungu na kashata pembeni, hakuna mashine ya Uswisi itakayokupa hiyo. Vilevile, kama raha yako ni kijiko cha Africafe kutoka Bukoba kwenye maziwa ya moto, moka itakukera kwa wiki nzima halafu itahamia kabatini. Ladha uliyoizoea ina haki yake.

Kuosha, na wadudu

AeroPress inaoshwa kwa sekunde chache: unafungua, unasukuma, donge la kahawa linadondoka, unasuuza. Moka unangoja ipoe, unasuuza kwa maji, unakausha vipande mbalimbali. Usiisugue kwa stili waya.

Mashine ya kapsuli inadanganya kwa usafi. Juu inang'aa, lakini ndani kuna kisanduku cha kapsuli zilizotumika, zenye unyevu na joto, na kisinia cha matone chini yake. Kwa hali ya hewa ya pwani ukiviacha siku chache ukungu unaota, na mende wanapenda palipo na giza na joto. Vimwagwe kila siku. Maji ya kisima yenye chokaa nayo yanaziba mirija taratibu, hadi mashine inanguruma na kutoa matone. Tumia maji ya kunywa, na kila baada ya miezi michache pitisha dawa ya kuondoa chokaa. Nespresso wanakataza siki.

Ningemshauri nani achukue nini

Mwanafunzi au kijana wa chumba kimoja mwenye jagi la umeme tu na hana jiko: AeroPress, bila mjadala. Mwenye jiko la gesi anayependa kahawa ya maziwa asubuhi: moka ya vikombe 3, na fedha iliyobaki anunue kahawa nzuri. Mwenye kipato, umeme wa uhakika na duka la kapsuli karibu na kazini: Nespresso Original, siyo Vertuo, ili duka likifunga abaki na wauzaji wengine. Mzazi mzee anayeishi peke yake: Original pia, na watoto wakubaliane nani anatuma kapsuli. Anayepokea wageni wengi arudi kwenye dele au chupa ya kahawa, kwa kuwa vyombo vingine vyote nilivyovitaja vinamweka mwenye nyumba jikoni wakati wageni wanazungumza.

Na kama unanunua mashine ya kapsuli iliyotumika, ambazo ni nyingi mitandaoni kwa bei ya kuvutia, nenda na kapsuli yako mfukoni. Mwombe muuzaji aichomeke, aitie maji, apitishe maji matupu mara mbili, kisha apike kapsuli moja mbele yako. Tazama chini kama inavuja. Sikiliza kama pampu inanguruma bila kutoa maji. Fungua kisanduku cha kapsuli unuse. Akisema umeme umekatika, mwambie utarudi ukiwaka.